VLOOKUP inayosoma faili lingine inaniletea bei za zamani, msaada wakuu

#1 StoKipa_Uyole
Wakuu, habari za jioni.

Niko Mbeya, natunza stoo na kuandika ankara kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Bei zote ziko kwenye faili la Excel linaitwa BEI MPYA. Analishika bosi mwenyewe, liko kwenye kompyuta yake, mimi nalifikia kupitia drevu Z. Mimi nina faili langu la MAUZO. Natumia VLOOKUP, fomula inayotafuta bidhaa kwenye orodha na kuniletea bei yake. Ni hii:

=VLOOKUP(A2,'Z:\BEI\[BEI MPYA.xlsx]ORODHA'!$A$2:$D$600,4,FALSE)

Bosi akibadilisha bei jioni, asubuhi nikifungua MAUZO bei zinakuja bila kosa lolote, ila ni za zamani. Nikilifungua BEI MPYA pembeni, zinabadilika papo hapo. Akibadilisha tena, kesho yake ngoma ni ileile. Halafu kuna bidhaa kama kumi, mojawapo NONDO-12, hizo hata mafaili yote mawili yakiwa wazi zinaleta #N/A, yaani haijazipata, na kwa macho yangu naziona kwenye orodha ya bosi.

Juzi nimeuza bati 40 za geji 28 kwa bei ya zamani. Tofauti ni 1,500 kwa bati, jumla 60,000, imekatwa kwenye mshahara wangu. Excel ni ya 2016. Naombeni msaada, nimehangaika nayo wiki mbili.

#2 dogo_wa_chuo
Naweka kambi hapa. Nina tatizo pacha na hili kwenye ripoti yangu ya fildi.

#3 Fundi Seli
Pole sana mkuu kwa hiyo 60,000.

Hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye. La bei za zamani kwanza. Fomula inayosoma faili lililofungwa hailisomi kila sekunde. Excel ilipolisoma mara ya mwisho ilihifadhi nakala ya zile thamani ndani ya MAUZO, na inaendelea kukuonyesha hizo mpaka uiambie ikasome upya. Ndiyo maana huoni kosa. Kwa Excel hakuna kosa, ina jibu mkononi, ila jibu limechacha.

Nenda Data, bonyeza Edit Links, chagua BEI MPYA, kisha Update Values. Wenye Microsoft 365 mpya wataona Workbook Links mahali hapohapo. Halafu nijibu swali moja: ukifungua MAUZO, ule ukanda wa njano wa juu unaouliza kama uapdeti unatokea au hautokei?

#4 Binti Hesabu
StoKipa, kabla hatujafika mbali, orodha ya bosi ina mistari mingapi? Umefunga eneo kwenye $D$600. Bidhaa ikiongezwa mstari wa 601, kwa fomula yako haijazaliwa. Andika $A:$D, kolamu nzima, uachane na kuhesabu mistari.

#5 Karani Mstaafu
Binti, kolamu nzima ni sawa ikiwa mafaili yote mawili ni .xlsx. Ikiwa MAUZO ni .xls la zamani, litagoma. Shiti ya .xls inaishia mstari wa 65,536 na kolamu 256, ya .xlsx inafika 1,048,576 na kolamu 16,384. Faili dogo haliwezi kurejelea eneo ambalo kwake halipo, litakujibu kwamba rejeo si halali.

Na msiudharau ukomo huo. Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza iligundua kwamba visa 15,841 vya korona vilikuwa vimeachwa nje ya takwimu, kwa sababu matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye mafaili ya .xls na mistari ikajaa. Iliyozidi haikuingia, na watu waliokutana na wagonjwa hao hawakupigiwa simu kwa wakati.

#6 StoKipa_Uyole
Shikamoo mzee Karani. Yote mawili ni .xlsx.

Binti Hesabu, orodha ina mistari 583, kwa hiyo bado tuko ndani ya 600. Ila nimeshabadilisha kuwa $A:$D, ahsante.

Fundi Seli, ukanda wa njano ulikuwa unatokea zamani. Kuna kijana wa fildi alikuja Julai, akasema "hiki kinakusumbua", akabonyeza mahali, haujatokea tena.

#7 Fundi Seli
Ndiyo huyo huyo. Kwenye Edit Links kuna kitufe cha Startup Prompt. Kina machaguo matatu: aulizwe mtumiaji, asiulizwe na faili lisiapdeti, asiulizwe na faili liapdeti lenyewe. Kijana alikuwekea la pili. Chaguo hilo hukaa ndani ya faili lenyewe, hata ukihamisha MAUZO kwenda mashine nyingine linakwenda nalo. Weka la tatu, tatizo lako la kwanza limekwisha.

#8 Nyundo7
Fundi nakuheshimu, lakini hapo umewahi kutangaza ushindi. Tatizo ni Z.

Drevu Z ni jina tu ambalo kompyuta yako imeipa folda ya kompyuta ya bosi. Bosi anafika saa ngapi? Kama mashine yake imezimwa saa mbili asubuhi, unaweza kuweka chaguo la tatu, la nne na la kumi, hakuna cha kusomwa. Excel itabaki na nakala ya zamani. Na kwenye mashine ya mwenzako folda ileile inaweza kuwa Y au K, fomula ikifika huko inatafuta Z ambayo haipo.

Nilikuwa kwenye kampuni moja ya usafirishaji, tulikula miezi mitatu tukilaumu VLOOKUP. Ilikuwa ni mtu wa usafi, anachomoa plagi ya mashine ya mhasibu kila jioni ili achomeke pasi. Tumia njia kamili, ile inayoanza na mikwaju miwili na jina la kompyuta, \\JINA\BEI\, halafu mwombe bosi asizime mashine.

#9 dogo_wa_chuo
Au hesabu ziko kwenye Manual? Mimi niliwahi kukuta kila kitu kimeganda mpaka nibonyeze F9.

#10 Fundi Seli
Dogo, wazo zuri, na hiyo hali huambukiza: faili la kwanza kufunguliwa likiwa Manual, yote yanayofuata siku hiyo yanakuwa Manual. Lakini F9 hupiga hesabu upya kwa thamani zilizopo ndani, haiendi kulisoma faili lililofungwa. StoKipa ajaribu tu tuone.

Nyundo7, habari ya pasi nimeipokea kwa mikono miwili.

#11 wa_Bukavu
Ndugu zangu, salamu toka Bukavu. Nimekopi fomula ya bandiko #1, nikabadilisha majina ya mafaili, Excel yangu inakataa kabisa. Kwetu programu ni ya Kifaransa.

#12 Karani Mstaafu
Karibu sana. Kwenye Excel ya Kifaransa inaitwa RECHERCHEV, na FALSE ni FAUX. Tena mipangilio ya Kifaransa hutumia koma kwa desimali, kwa hiyo kitenganishi cha fomula kinakuwa nukta-mkato. Andika =RECHERCHEV(A2;...;4;FAUX). Ukifungua faili zima lililotengenezwa kwa Kiingereza, Excel hujitafsiria yenyewe. Ni maandishi yaliyokopiwa mtandaoni ndiyo hayatafsiriki.

#13 wa_Bukavu
Imekubali! Nilikuwa napata #NOM? tangu asubuhi. Aksanti sana mzee.

#14 Jirani wa Köln
Huku Ujerumani inaitwa SVERWEIS. Mwezi wa kwanza kazini nilidhani wanazungumzia kitu kingine kabisa, kumbe VLOOKUP ileile niliyojifunzia Arusha.

#15 Binti Hesabu
Turudi kwenye nondo. StoKipa, chukua seli ya NONDO-12 kwenye faili lako, pembeni yake andika =LEN(A2), inahesabu herufi za kwenye seli. Kisha fanya hivyohivyo kwenye faili la bosi. Niandikie namba mbili unazopata.

#16 StoKipa_Uyole
F9 haijabadilisha kitu.

LEN kwangu inaleta 8. Kwa bosi inaleta 9. Nimeitazama ile seli mpaka macho yameuma, sioni tofauti yoyote.

#17 Binti Hesabu
Ni nafasi. Kuna nafasi mwishoni, baada ya 2. Kwa Excel hayo ni maneno mawili tofauti. Tumia TRIM, inaondoa nafasi za ziada.

#18 StoKipa_Uyole
Nimeandika =LEN(TRIM(A47)) kwenye faili la bosi. Bado 9.

#19 Karani Mstaafu
Basi hiyo si nafasi ya kawaida. Muulize bosi orodha aliitoa wapi. Kama aliikopi kwenye tovuti ya msambazaji, imekuja na ile nafasi isiyokatika ambayo kurasa za intaneti hutumia, herufi namba 160. TRIM huondoa nafasi namba 32 peke yake, hiyo nyingine inaiacha. Andika:

=VLOOKUP(TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")),'Z:\BEI\[BEI MPYA.xlsx]ORODHA'!$A:$D,4,FALSE)

#20 Fundi Seli
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo nakurekebisha. Fomula hiyo inasafisha A2 ya StoKipa, ambayo tayari ni safi, ina herufi 8. Uchafu uko kwa bosi. Ukiosha kikombe chako, chai iliyoingia mchanga kwenye birika itabaki na mchanga.

Dawa ni kusafisha kolamu A ya BEI MPYA. Fungua Find and Replace kwa Ctrl+H, kwenye kisanduku cha kutafuta shika Alt huku ukiandika 0160 kwa namba za pembeni, kisanduku cha pili kiache kitupu, kisha Replace All.

#21 Karani Mstaafu
Umenishinda hapo, nimesoma haraka. Ila asiache kitupu. Bidhaa kama BATI GEJI 28 ikiwa na 160 katikati, atapata BATIGEJI28. Aweke nafasi ya kawaida, halafu apitishe TRIM.

#22 Fundi Seli
Hapo sasa wewe umenishinda mimi. Kweli kabisa.

#23 StoKipa_Uyole
Wakuu, bosi hataki mtu aguse faili lake. Nimemweleza, kasema "kwangu linafanya kazi".

#24 Mwanahamisi_Maskati
Kwake litafanya kazi, yeye hatafuti kitu humo, anaandika tu! Usimwambie faili lina kasoro. Mwonyeshe seli moja, 8 na 9, aone kwa macho yake. Kuna watu huelewa kwa kuona.

Lakini mimi nimekuja kwa jambo jingine, mtaniwia radhi nikitoka nje ya mada. Fundi kasema kwenye #3 kwamba MAUZO lina nakala ya thamani za faili la pili ndani yake. Mmeipitia haraka mno. Nakala hiyo ni ya eneo lote ulilolitaja kwenye fomula, si kolamu ya 4 pekee.

Ofisini kwetu hapa Maskati tulimtumia mteja makadirio ya bei, Excel yenye VLOOKUP inayosoma faili letu la ndani. Faili la ndani hatukulituma. Kolamu ya 3 ilikuwa bei tunayonunulia, ya 4 bei tunayouzia. Mteja akaingia kwenye seli, akafuta 4, akaandika 3, akabonyeza Enter. Zikashuka bei zetu zote za kununulia, mstari kwa mstari, na faili la ndani liko kwenye kompyuta yetu limefungwa. Alikuja kwenye kikao na karatasi aliyoichapisha. Nilikuwa nimekaa mkabala naye. Sitasahau.

StoKipa, kolamu C ya bosi wako ina nini?

#25 StoKipa_Uyole
Bei ya kununulia.

Na nimekuwa nikituma MAUZO kwa WhatsApp kwa mafundi wakubwa kila Jumamosi ili wachague vitu.

#26 Mwanahamisi_Maskati
Acha leo, mdogo wangu. Tengeneza nakala, iite MAUZO YA WATEJA. Kwenye nakala hiyo nenda Edit Links, bonyeza Break Link, fomula zote zinageuka namba kavu. Au tuma PDF tu.

#27 Nyundo7
Kwenye NAKALA, narudia. Break Link hairudishwi kwa Ctrl+Z. Ukiibonyeza kwenye faili lako la kazi unaanza moja.

Dada Mwanahamisi, nimetoa jasho nikisoma. Nina mafaili matatu nje huko.

#28 Kipchumba_Nakuru
Sasa wadau. Kwani nyinyi bado mnatumia VLOOKUP bana? XLOOKUP ilitoka 2019, haina haja ya kuhesabu kolamu, na usipoiambia kitu inatafuta kitu kamili, si cha kukaribiana. VLOOKUP ukisahau FALSE mwishoni inakupa jibu la jirani na inanyamaza.

#29 Binti Hesabu
Kaka wa Nakuru, StoKipa kasema ana 2016. XLOOKUP ilitangazwa 2019 kwa wenye usajili wa 365, ikaja na Excel 2021. Hata walionunua Excel 2019 ya boksi hawana. Akiiandika atapata #NAME?, yaani Excel yake hailijui jina hilo.

Kwa 2016 ni INDEX na MATCH: MATCH inatafuta kitu kiko nafasi ya ngapi, INDEX inaleta kilichopo hapo. Na hapa ina faida ya kweli: bosi akiingiza kolamu mpya katikati wakati MAUZO limefungwa, fomula haitajua. 4 itabaki 4, na kolamu ya 4 itakuwa kitu kingine. Ukimpa MATCH kazi ya kutafuta kichwa chenyewe "BEI YA KUUZA", kolamu ihame iendako, utaipata.

#30 Kipchumba_Nakuru
Nimekubali, Binti. Hiyo ya kichwa naiiba.

#31 mzee_wa_bando
Hamieni Google Sheets. IMPORTRANGE, fomula yake ya kuvuta data toka faili lingine, mara moja, unaruhusu ufikiaji, mambo ya Z na pasi yamekwisha.

#32 Nyundo7
Na bando likiisha saa nne asubuhi na foleni ya mafundi imefika mlangoni? Kila mahali pana pasi yake mzee.

#33 StoKipa_Uyole
Mrejesho wakuu, na umezidi kunichanganya.

Nimeweka Startup Prompt kama Fundi alivyosema. Leo saa mbili kasorobo nimefungua MAUZO, ikasema baadhi ya viunganishi haviwezi kuapdetiwa. Bosi alikuwa hajafika, kwa hiyo Nyundo7 yuko sahihi. Saa tatu bosi kafika, nimefungua upya, bei nyingi zimekuja mpya, kwa hiyo Fundi naye yuko sahihi.

Lakini ndani ya Edit Links nimekuta BEI MPYA imeandikwa mara mbili. Moja njia yake ni Z:\BEI. Nyingine ni folda ya Downloads ya kompyuta yangu mwenyewe. Nimeangalia, lipo kweli, la tarehe ya mwezi wa sita. Mistari 71 inasoma hilo, na geji 28 ni mmojawapo. Mimi sijawahi kuandika fomula inayotaja Downloads.

#34 Karani Mstaafu
Umewahi. Bosi alikutumia faili kwa WhatsApp au barua pepe, ukalifungua pamoja na MAUZO, ukatengeneza fomula kwa kubofya kwenye lile lililo wazi mbele yako. Excel haijui ulikusudia la Z.

#35 Binti Hesabu
Au Save As. Mafaili yote mawili yakiwa wazi, ukihifadhi BEI MPYA mahali pengine kwa Save As, fomula za MAUZO zinaifuata huko huko bila kukuuliza.

#36 Fundi Seli
Save As ingehamisha mistari yote, si 71. Mimi naona kukopi na kupesti: alikuwa na MAUZO la zamani, akachukua kipande akakileta kwenye jipya.

Vyovyote vile, bonyeza la Downloads, kisha Change Source, mwelekeze kwenye la Z. Usifute faili la Downloads kabla ya hapo.

#37 Nyundo7
Mistari 71 hiyo ni ya bidhaa gani? Kama ni zote za msambazaji mmoja, mzee Karani yuko sahihi. Kama zimetawanyika, ni kukopi.

#38 StoKipa_Uyole
Ni bati na misumari, ila kuna rangi za maji tatu katikati.

#39 Karani Mstaafu
Rangi zinaniharibia.

#40 StoKipa_Uyole
Nimefanya Change Source, sasa imebaki njia moja. Bosi nimemwonyesha 8 na 9 kama dada Mwanahamisi alivyosema. Kanyamaza kidogo, kisha kaniambia nikae kwenye kiti chake nisafishe mwenyewe, naye kasimama nyuma yangu. NONDO-12 imekuja. Hajasema kitu kuhusu 60,000.

Kimebaki kimoja. BATI GEJI 32 inaleta 0. Si #N/A, ni sifuri.

#41 Binti Hesabu
Seli ya bei kwa bosi iko tupu. VLOOKUP ikikuta kitu tupu inarudisha 0.

#42 StoKipa_Uyole
Nimeangalia kwake, bei ipo. Naiona.

#43 Fundi Seli
Tafuta kama BATI GEJI 32 imeandikwa mara mbili kwenye orodha. VLOOKUP inachukua ya kwanza kutoka juu.

#44 Mwanahamisi_Maskati
Au bei imeunganishwa seli mbili, Merge, na thamani iko ya juu.

#45 StoKipa_Uyole
Bosi keshafunga mashine. Nitaangalia kesho akifika.